Ruta Iliyoamka Mwaka wa 2019

Sikuwa mimi. Naanzia hapo kwa sababu nyumbani kwetu kila kesi huanzia kwangu, halafu ndipo ushahidi hutafutwa. Sukari ikiisha, ni Chepkosgei. Kuku akienda kutaga kwa jirani, ni Chepkosgei aliyemshauri. Nakubali kwamba muhula wa kwanza niliandika barua ya kutangaza mgeni kutoka wizarani, nikaigonga muhuri niliouchonga kwa kiazi, na shule nzima ikapiga deki siku tatu mpaka ng'ombe wa shule wakaogeshwa. Nakubali pia kwamba likizo hii ya Agosti nilibadilisha jina la mtandao wa nyumbani, ukaitwa MWALIMU MKUU ANAKUONA. Lakini ruta kukataa kazi kila ikikaribia saa kumi jioni, hilo halikuwa langu.

Ruta yenyewe ilikuwa kisanduku cheusi chenye pembe mbili, kimekaa juu ya kabati la vyombo sebuleni, juu ya kitambaa alichofuma Kogo. Kogo ni nyanya yetu, Rodah kwa jina la kanisani. Sebule ni yake, kabati ni lake, na hata hewa ya humo ndani tunaivuta kwa hisani. Ruta ilikuwa ya dada yangu Janeffer, ambaye alirudi kutoka Nairobi mwezi wa Machi akiwa amekonda, na mabegi mawili, na kazi mpya. Kazi ilikuwa hivi: mahali fulani ng'ambo daktari anaongea kwenye kinasa sauti kuhusu ini la mtu, na huku kwetu, juu ya Litein, katikati ya majani chai, Janeffer anasikiliza na kuandika.

Ini la mtu ni siri. Kwa hiyo kampuni haikutaka maneno hayo yatembee wazi kama watu wa soko. Ilimpa VPN, njia ya chini kwa chini, kama mtaro uliofunikwa, kutoka ruta yetu hadi kwenye mashine zao. Mwezi huu wa Agosti wakaongeza sharti: ruta itiwe kufuli. Maana yake, mtaro usipofunguka, kitu chochote kisitoke nyumbani, hata salamu. Janeffer aliweka kufuli hilo siku ileile niliyofika na sanduku langu la bati kutoka shule. Mnaona jinsi bahati yangu ilivyo.

Zamu yake ilianza saa kumi jioni, wakati wenzake huko ng'ambo wanaanza asubuhi yao. Na katika siku kumi za kwanza za Agosti, mara nne alifika mezani saa kumi kasorobo, akafungua kompyuta, akakuta mtaro umefungwa. Alihangaika mpaka saa moja ndipo ukakubali. Siku nyingine ulifunguka bila neno. Ruta ilikuwa kama mtu mwenye homa ya vipindi.

Msimamizi wake, mwanamke aitwaye Marcella ambaye hatujawahi kumwona ila kwa picha ndogo ya duara, aliandika kwa upole mwingi sana. Alisema anaelewa changamoto. Alisema pia kwamba Janeffer bado yuko kwenye majaribio, na akichelewa mara nyingine moja, wataachana kwa heri.

Kuachana kwa heri kulimaanisha Nairobi tena, kulala sakafuni kwa binamu, kati ya mtungi wa gesi na mlango. Kulimaanisha pia Kogo kubaki peke yake nikirudi shule. Kabla ya Machi, Kogo alikuwa anakula amesimama, kijiko kimoja cha ugali jikoni, kama mtu anayeonja chakula cha wengine. Janeffer aliporudi alianza tena kuketi mezani. Hilo ndilo lililokuwa hatarini. Ruta ilikuwa kisanduku tu.

Tuliipeleka Litein kwa Momanyi, aliyetuuzia. Momanyi ana duka la simu karibu na stendi, na anaamini kila chombo kina tabia ya kabila la mtu aliyekitengeneza, ingawa hajui ni kabila gani.

"Janeffer, dada yangu, hii kitu nilikuuzia nikiwa na akili timamu," alisema, akiigeuzageuza. "Lakini hawa watu wa kiwanda! Siku hizi wanatengeneza kiberiti, wanakiita ruta."

"Si wewe uliniambia ni ya maana?"

"Ilikuwa ya maana. Hata mimi nilikuwa wa maana."

Alichukua pini, akaitia kwenye kitundu cha nyuma, akabonyeza. Taa zote zikazimika, zikarudi moja moja. "Ikikataa, dunga hapa. Inasahau mambo yote, unaipanga upya. Ikikataa tena, dunga tena."

"Kwani ni ng'ombe ana kupe?" nikauliza.

Momanyi aliniangalia juu ya miwani. "Huyu hajarudishwa shule bado?"

Basi tukawa tunaidunga. Na ni kweli, ikidungwa na kupangwa upya, kufuli likitiwa mwishoni kabisa, mtaro ulifunguka. Ila kuipanga kulikula muda wa saa tatu, na Marcella hakuwa na saa tatu. Janeffer aliandika barua kali kwa mtengenezaji. Ilianza hivi: "Ninyi ni wezi wenye viwanda." Alipanga kuipeleka Ijumaa usiku, baada ya zamu, na kuipa ruta nyota moja kati ya tano mbele ya dunia nzima.

Niliielewa hiyo barua. Mtengenezaji ni mtu mzuri sana wa kulaumiwa. Yuko mbali, hana uso, hatakuja matangani kwako, wala hutawahi kumwazima panga. Ukimtukana hakuna anayelia. Lakini mimi nilikuwa mshukiwa wa pili, na mshukiwa wa kwanza alikuwa mbali mno kukamatwa. Kwa hiyo Jumatano, kwa ajili ya haki, niliunda Tume ya Uchunguzi. Mwenyekiti, katibu na dereva wote walikuwa mimi.

Tume ilianza kazi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia chai. Huku kwetu asubuhi haiji, inafichuliwa. Kwanza unaona mstari mmoja wa chai, halafu wa pili, halafu kofia ya mchumaji inaelea bila mtu, halafu mtu mwenyewe. Niliketi dirishani na kompyuta ya Janeffer, ambaye alikuwa shambani. Niliangalia nyaya, zote zilikuwa zimekaza. Niliangalia taa ya laini, ile inayoonyesha kama mtandao unafika kutoka kwenye mlingoti wa mlimani, na ilikuwa kijani. Nilipiga simu kwa watu wa mlingoti, nikaiga sauti ya Janeffer, nikaambiwa, "Madam, kwako hakuna shida tangu mwezi wa sita." Nilihakiki neno la siri la kampuni herufi kwa herufi. Lilikuwa sawa.

Ndipo nikafungua shajara ya ruta.

Sikujua kwamba ruta huandika shajara. Ndani ya kurasa zake za mipangilio kuna sehemu ambapo inaandika kila inachofanya, na tarehe na saa, kwa bidii ambayo mimi sijawahi kuiweka kwenye insha. Nilisoma ya siku ya mwisho ambayo mtaro ulikataa. Naitafsiri kwa uaminifu:

Tarehe 1 Januari 2019, saa sita usiku na sekunde kumi na nne. Nimeamka.

Sekunde ya arobaini. Nabisha kwa kampuni.

Sekunde ya arobaini na moja. Hati yao haijaanza kutumika. Nafunga.

Sekunde ya hamsini. Nabisha kwa kampuni.

Na kadhalika, ukurasa juu ya ukurasa, inabisha na kufunga, inabisha na kufunga, usiku wa mwaka mpya wa 2019 ambao haukuwa unakwisha. Kisha, ghafla, baada ya sindano ya Janeffer, mstari mmoja ukaruka miaka sita na kutua Agosti ya sasa, na kila kitu kikafunguka.

Nikainua macho kuitazama ruta. Kisanduku kile kilikuwa juu ya kabati letu, juu ya kitambaa chetu, kumbe chenyewe kilikuwa 2019.

Ukifikiria vizuri, si ajabu. Ruta haina saa yenye betri ndani. Umeme ukikatika inasahau leo ni lini, na ikiamka inaanzia tarehe ya kiwandani, halafu inauliza mtandao, "Samahani, leo ni lini?" Hapo zamani iliuliza, ikajibiwa, ikaendelea na maisha. Sasa kuna kufuli. Kufuli linasema usitoke kabla mtaro haujafunguka. Mtaro nao unafunguliwa na hati ya kampuni, iliyotolewa Machi mwaka huu, na kwa mtu aliyeko 2019 hati hiyo haijazaliwa. Kwa hiyo haiwezi kutoka kwa sababu haijui tarehe, na haiwezi kujua tarehe kwa sababu haijatoka. Nimewahi kufungiwa bwenini kwa namna hiyohiyo. Sindano ilifaulu kwa kuwa iliondoa kufuli, ruta ikapata kuuliza kabla halijarudishwa.

Mtengenezaji, basi, aliachiliwa huru na Tume. Lakini swali lilibaki. Nani alikuwa anakata umeme? Umeme haukuwa umepotea siku hizo nne. Jokofu la jirani yetu Kipkurui linanguruma mpaka kwetu likirudiwa na umeme, na halikuwa limenguruma.

Nililileta swali mezani wakati wa chakula cha usiku.

"Kuna mtu anazima ruta mchana?"

Janeffer aliweka kijiko chini. "Wewe ndiye unauliza?"

"Nauliza kwa niaba ya Tume."

"Nani azime?" Kogo akasema. "Mimi sigusi kitu ya Janeffer. Hata vumbi napanguza pembeni pembeni." Na alisema kweli, kwa jinsi alivyojua. Ningeweza kumwapisha.

Alhamisi niliugua tumbo. Lilikuwa tumbo zuri, lenye historia ndefu shuleni, na halijawahi kuniangusha. Janeffer alichukua kikapu, akaenda kuchuma peke yake, maana chai yetu hupelekwa kituoni kupimwa saa tisa, na kutoka kituoni ndipo hurudi nyumbani kukimbilia zamu. Mimi nilijilaza kwenye kochi chini ya blanketi la Kogo, linalonuka moshi na sabuni ya kipande, nikaifanyia kazi Tume nikiwa nimelala.

Saa nane na nusu wingu lilishuka. Halikuja kutoka mahali, lilikuwa tu limeanza kuwepo. Sebule iligeuka rangi ya maji ya chai yaliyosahauliwa kikombeni. Macho yangu yalikuwa yanafunga na kufungua, na kila yalipofungua kulikuwa na giza kidogo zaidi. Ruta iliwakawaka kule juu, kijani, kijani, kama kimulimuli aliyepotea njia ya mchana.

Kisha kukanguruma, mbali, upande wa msitu.

Kogo aliingia bila kiatu. Sijui kama nilikuwa macho kabisa. Mkononi alikuwa na shoka, na shoka lilikuwa limepakwa majivu ya jikoni. Alifungua mlango, akalitupa uani kwenye nyasi, akaiambia ngurumo maneno mawili ya Kipsigis, ya kuiomba inyamaze kwenye boma letu. Mchungaji wake hajui jambo hili na mimi sitamwambia. Halafu alifunga mlango, akafunika kioo cha ukutani kwa leso, akaanza kuzunguka chumba polepole. Akachomoa plagi ya redio. Akachomoa ya televisheni. Akachomoa ya taa ya mezani. Akafika kabatini, akainua kitambaa kwa vidole viwili, akachomoa ya ruta, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala kiatu.

Kimulimuli akazimika.

Akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, na mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati. Hatukusikia kitu kingine chochote. Nyumba yote ilikuwa kelele nyeupe, na ndani ya kelele hiyo nyanya yangu alikaa kama aliyekaa ndani ya maji. Ilipita nusu saa, labda zaidi. Ngurumo ilipovuka kwenda upande wa Bomet, aliinuka, akaokota zile plagi, akazirudisha zote, moja moja. Janeffer angefika akiwa amelowa na angekuta kila taa inawaka, kisanduku kinapepesa bila hatia.

Na Kogo hakuwa amedanganya. Tangu nizaliwe, ikinguruma tunachomoa. Mwaka jana Kipkurui hakuchomoa, na televisheni yake ikatoa moshi mbele ya wageni. Kwetu hiyo haiitwi kuzima, kama vile kuanua nguo mvua ikija hakuitwi kuiba nguo. Ukimuuliza Kogo kama amezima kitu, ni kama kumuuliza kama amepumua. Mimi mwenyewe nilikua na plagi hizo mkononi na sikuwahi kuzifikiria. Agosti hii tu, tulikuwa kituoni, yeye akawa anachomoa peke yake.

"Tumbo?" Kogo aliuliza, akiona macho yangu.

"Limepoa, Kogo."

"Tumbo la shule hilo."

Nilikuwa na robo saa kabla Janeffer hajafika. Niliingia kwenye kurasa za ruta, ambazo bado zilikuwa Januari ya 2019, nikaiandikia tarehe kwa mkono wangu. Baada ya nusu dakika mtaro ukafunguka kama mlango wa kanisa.

Janeffer alifika anatiririka, akaketi, akaona, akapiga kelele ya furaha. "Imepona!"

"Yesu asifiwe," Kogo akasema kutoka jikoni. "Na huyo aliyekuwa anatuharibia kazi, popote alipo, mkono wake ukauke." Kisha akafikiri, maana ni mtu wa haki. "Ukauke kidogo tu."

Nilikuwa nimefungua mdomo kueleza. Niliufunga.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza la kweli likaanza, na nililifanya kwa nia njema, ambayo naona ina hasara kubwa kuliko nia mbaya. Janeffer alikuta ukurasa wa saa bado uko wazi kwenye kompyuta.

"Chep. Nani ameingia hapa?"

Niliangalia jikoni. Kogo alikuwa anachagua mchicha, na alikuwa anaimba. Nilifikiria mkono wake.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nachezea saa yake. Tangu nifike. Nimeacha."

Nilitarajia kofi, na kofi ningelipokea. Janeffer aliufunga tu ule ukurasa, na nje matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabati.

"Kazi yangu," akasema. "Mimi nalala na wasiwasi, Kogo anafunga na kuomba, na wewe unacheka chini ya blanketi. Kazi yangu ndiyo umeona ni mchezo?"

"Pole."

"Usiniambie pole. Usiiguse. Usiiangalie." Akabadilisha neno la siri la ruta, akiwa amenigeuzia mgongo mpana kama mlango. Kogo alikuwa ameacha kuimba. Usiku huo aliniwekea chakula na hakuuliza kama ninataka kuongeza, na kwetu hiyo ni hukumu nzito kuliko ya mahakama.

Ijumaa Janeffer hakwenda kituoni. Alimtuma mtoto wa Kipkurui apeleke chai, na yeye akavuta kiti akalilinda kabati, kwa ajili yangu. Mimi niliwekwa kwenye kochi la mbali, ambako ningeonekana. Saa nane ilipita. Wingu likawepo. Mimi na Janeffer tulikuwa tunatazamana, na kati yetu ruta ilikuwa inapepesa, na nikaanza kuona kama kila kitu kinatokea chini ya ziwa, polepole, na mimi ndimi peke yangu ninayejua kinakokwenda.

Kukanguruma.

Kogo akaingia. Na Janeffer, mlinzi, Janeffer ambaye hangeniruhusu hata kuiangalia, aliinuka kwenye kiti chake bila kufikiri, akafunika kioo, akachomoa televisheni, akainama nyuma ya kabati, akachomoa ruta. Alikuwa anamwambia Kogo habari ya mbolea wakati anafanya hivyo. Mkono wake haukumuuliza ruhusa.

"Janeffer," nikasema, "hiyo ruta..."

"Usiitaje jina lake."

Mvua ya mawe ikaja, ikameza maneno yote yaliyobaki. Niliamua mara tano kupiga kelele, na kila mara nilimwona Kogo amekaa na mikono mapajani, anamtazama Janeffer kama mtu anayeota moto. Ngurumo haikuwa na haraka. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili ndipo ilivuka. Wakarudisha plagi, wote wawili, wakipokezana.

Janeffer akafungua kompyuta. Akangoja. Akaingiza tena. Niliona mgongo wake ukibadilika.

"Chepkosgei!"

"Sikuwa mimi."

"Ulikuwa hapo! Jana umekubali kwa mdomo wako!"

"Jana nilidanganya. Wewe ulinilinda leo, umeniona, nimesimama? Nimegusa?"

"Basi ni nani? Eh? Ni shetani? Ni kiwanda?" Akaangalia saa ya kompyuta. "Kumi kasoro nane, Chep. Niambie ni nani."

Kogo alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hakukuwa na mahali pa kumpeleka.

"Ni ngurumo," nikasema.

"Imeipiga?"

"Haijaipiga. Ni kuchomoa. Ikichomolewa inasahau tarehe, inaamka ikidhani ni miaka ya nyuma, na kufuli halitaki iulize mtu. Umechomoa saa hii, Janeffer. Mkono wako mwenyewe."

Janeffer aliangalia mkono wake. Nilidhani hakuna aliyeelewa. Kisha Kogo akauliza, polepole:

"Na zile siku zingine?"

Mimi nikaangalia kitambaa chake chini ya ruta.

"Ni mimi," Kogo akasema. "Ni mimi nilikuwa nafukuza mtoto."

"Leo ni mimi, Kogo," Janeffer akasema haraka. "Umeona? Leo ni mimi. Hata sikujua." Akaisukuma kompyuta kwangu. "Chep, wapi? Wapi inaandikwa?"

"Neno la siri kwanza. Ulibadilisha."

Akaliandika, akakosea, akaliandika. Vidole vyake vilikuwa na utomvu mweusi wa chai kwenye kucha. Nikamsomea: siku kumi na tano, mwezi wa nane, elfu mbili ishirini na tano, saa tisa na dakika hamsini na sita. Akabonyeza. Tukangoja watu watatu mbele ya kisanduku, na nje mawe ya mvua yalikuwa yametanda chini ya chai, meupe, kama mtu amemwaga mchele kwa vilima vyote. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye hayo mawe. Taa ikapepesa nyekundu. Ikapepesa nyekundu. Ikawa kijani na ikakaa.

Kwenye kompyuta, picha ya duara ya Marcella ilitokea. Aliandika: "Umefika mapema leo."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Janeffer alivaa vipokea sauti masikioni, akaanza kuandika ini la mtu, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyashughulikia.

Ile barua ya kiwanda ilifutwa usiku huo. Momanyi tulimwambia Jumamosi, naye akasema alijua tangu mwanzo, ila hakutaka kutukatiza. Kampuni nayo tuliiandikia, tukaiomba itoboe kitundu kidogo kwenye kufuli ili ruta iweze kuuliza saa. Walijibu kwamba ombi letu limepokelewa. Mpaka leo limepokelewa.

Kogo kwa siku mbili hakugusa plagi yoyote. Jumatatu ilinguruma na akasimama katikati ya sebule, mikono imeshikana, anaiangalia televisheni kama mtu anayeona mtoto karibu na kisima.

"Chomoa, Kogo," Janeffer akamwambia. "Usipochomoa itaungua, na hapo hata tarehe haitasaidia."

"Na ikiamka imepotea?"

"Unairudisha. Chep atakuonyesha."

Nilimwonyesha kwenye simu ya zamani ya Janeffer. Kogo alisoma mpaka darasa la saba na ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Alivaa miwani, akainamia ile simu, kidole kimoja kimeinuliwa.

"Hapa imeandika nini?"

"Ndiyo tarehe inayodhani ni leo. Mosi Januari, elfu mbili kumi na tisa."

Kidole hakikushuka.

"Hiyo siku tulichinja mbuzi," akasema. "Kugo wenu alimchoma hapo nje, akakataa mtu yeyote asishike kisu. Alikuwa hajaanza kukohoa." Kugo, babu yetu, alikohoa mwaka mmoja na akafa Januari iliyofuata. "Kwa hiyo hii kitu, ikiamka, inaamka siku hiyo?"

"Kila mara, Kogo."

Akatikisa kichwa polepole, akaandika tarehe ya leo, namba baada ya namba, bila kukosea, na taa ikawa kijani.

Likizo ilibaki wiki moja. Siku zilizonguruma zilikuwa nne, na zote nne Janeffer aliingia zamu kabla ya saa kumi, na Kogo ndiye aliyemfungulia. Alitupa shoka lake, akachomoa, akangoja, akarudisha plagi. Halafu alikuwa na desturi mpya. Baada ya taa kuanza kupepesa, alivaa miwani, akachukua simu, akaketi kwenye kiti chake nayo mapajani, bila kuandika kitu. Nje mvuke ulikuwa unapanda, chai haionekani. Alikaa tu na kile kisanduku.

"Kogo," Janeffer aliita kutoka chumbani siku ya mwisho, "zimebaki dakika kumi!"

"Najua saa," Kogo akajibu. "Iache kidogo."

Mimi nilikuwa mlangoni na sanduku langu la bati. Sikufanya mzaha wowote. Alikaa dakika nyingine tatu, labda nne, kisha akapangusa kioo cha simu kwa leso, akaanza kuandika.